Sanduku la Zana Chini ya Kitanda

Bomba lidondoshalo tone moja kila sekunde hupoteza lita zipatazo 20 kwa siku, na mlipaji ni wewe. Dawa yake ni washa ya mpira ya nusu inchi na ile spana ya kurekebishwa, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika katika ukurasa wa familia. Kwanza funga koki kuu.

Sanduku langu nililikusanya kidogo kidogo pale Gerezani, kila mwisho wa mwezi zana moja: nyundo, koleo, bisibisi mbili, futi ya kupimia, msumeno wa chuma. Seti za bei rahisi sizipendi. Bisibisi zake hupinda siku ya kwanza. Sindano na gundi ya viatu zimo pia, maana sare za watoto hazimngoji fundi.

Lakini nizithaminizo zaidi ni fyuzi za akiba. Katika chumba cha jirani nilikuta plagi ya pasi imefungwa waya wa shaba mahali pa fyuzi ya ampea 13. Waya huo haukatiki umeme unapozidi. Kinachoshika moto ni waya wa pasi yenyewe, na watoto wanne hulala humo. Nilimpa fyuzi jioni ile ile, na bisibisi nikamwachia hadi Jumapili.