Baa, Tembo na Karatasi Yenye Pande Mbili

Kiswahili kina maneno mawili yaandikwayo na kutamkwa sawasawa: baa na baa. La kwanza ni la zamani, nalo ni balaa, msiba mkubwa uwashukiao watu. La pili limekuja na Waingereza, nalo ni nyumba inamouzwa vileo. Wazee wa Pemba niliokua nikiwasikiliza hawakuona haja ya kuyatenganisha. Mtu akisema "pale pana baa," kila msikilizaji alijichagulia maana, na zote mbili zilimtosha.

Maneno haya yamenirudia mwaka huu kwa sababu ya kazi niliyopewa na mpwa wangu. Kijana huyu, mtoto wa dada yangu mkubwa wa Wete, ni mpishi katika mkahawa mmoja wa Dar es Salaam, upande wa Msasani. Ni mkahawa wa aina ya siku hizi: chakula kizuri, taa hafifu, bia zinazopikwa kidogo kidogo na mafundi badala ya kutoka viwanda vikubwa, na vileo vinavyochanganywa na maji ya matunda mbele ya macho ya mnunuzi. Mwenye mkahawa alitaka orodha yake iandikwe kwa Kiswahili kando ya Kiingereza. Mpwa wangu akasema anaye mjomba mwalimu wa lugha. Basi nilipofika Dar kwa shughuli zangu, akanialika nile kwanza, nitafsiri baadaye.

Kabla ya kueleza nilichokula, sharti nieleze kilichokuwa kikiisibu nyumba yetu. Kwa miaka miwili dada yangu hajala hata tonge moja kwa fedha anazotumiwa na mwanawe. Hazirudishi, kwani kuzirudisha ni kumfukuza mtoto. Huzipokea, akashukuru, akamwombea dua, kisha akazitenga kwenye mkebe wake. Kwetu, fedha yenye shubuha haitiwi tumboni, hujengewa choo. Hoja yake anaijua kila aliyekaa chuoni: ile hadithi iwatajayo watu kumi katika jambo la ulevi, tangu akamuaye na anywaye hadi auzaye na alaye thamani yake. "Mwanangu hauzi," aliniambia, "lakini mshahara unatoka kwenye kasha gani?"

Niliketi, basi, kwenye meza ya pembeni. Mpwa wangu akatoka jikoni na aproni yake. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, baba." Akaniletea maji ya ukwaju na sahani ya pweza wa nazi. Nilipolionja tui lile nilimjua aliyelifundisha. Lilikuwa tui la Wete: bizari iliyokaangwa kwanza, ndimu mwishoni, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Kwenye orodha, pweza yule alikuwa na jina la Kiingereza la maneno saba, na hapakuwa hata moja ambalo mama yake mpishi angelitambua.

Meza ya pili walikaa vijana sita wa ofisini. Mmoja alinunua vinywaji kwa wote, vilipokwisha akanunua wa pili, kisha wa tatu. Nilitabasamu peke yangu, maana jambo lile tunalo jina lake: kikoa. Kula kikoa ni kushirikiana chakula kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Wasomaji wa tenzi wanakumbuka kuwa Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, aliundiwa njama kwa kikoa cha makoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu yake ikifika wamchome mishale akiwa juu. Liyongo akayaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe, akiwa chini. Wale vijana walidhani wanafuata desturi ya Ulaya, kumbe wamo ndani ya neno la mababu zao.

Usiku ule nilianza kazi. Upande wa vyakula haukunichukua muda. Pweza wa nazi, changu wa kuchoma, muhogo wa kukaanga na chatne ya ukwaju, mkate wa kumimina. Niliandika majina kama yanavyotajwa jikoni, bila ya kuyapamba.

Upande wa vinywaji ndio ulionikesha. Nilidhani nitaikuta lugha yetu mikono mitupu, kwa kuwa ni lugha iliyolelewa na misikiti. Sivyo. Kuna mgema na kazi yake ya kugema, kuna kotama, kisu chake kilichopinda. Kuna tembo tamu, lililoteremshwa sasa hivi, na tembo kali lililolala. Kuna siki ya tembo, ambayo mama zetu waliitia kwenye achari bila ya wasiwasi, kwani kilichogeuka siki si kileo tena. Na methali inayosomeshwa watoto katika kila skuli, ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hufundishwa na walimu ambao hawajapata kulionja tembo hilo. Hakuna anayeona ajabu.

Tena yapo mapitio ya kufurahisha. Washairi wa zamani walimwita mnyama mwenye mkonga ndovu, na tembo likawa aghalabu ni la mnazi. Leo watu wengi humwita mnyama yule tembo. Kisha zikaja bia za viwandani: Kenya ikawa na Tusker, Tanzania ikawa na Ndovu, na zote mbili hubeba sura ya mnyama huyo. Ndovu na tembo wamekutana tena ndani ya chupa. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, pamoja na meza tunayouwekea. Nairobi, mkahawa wa Carnivore ulikipa umaarufu kinywaji cha vodka, ndimu na asali kiitwacho Dawa, na leo wageni huliagiza neno hilo bila ya kujua kuwa sisi huliagizia hospitali.

Neno lililonisimamisha kuliko yote ni hamira. Bia haiwi bia bila ya hamira. Na hamira ndiyo aitiayo dada yangu katika unga wa maandazi kila alfajiri. Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa khamri, ulevi wenyewe. Neno moja limezaa watoto wawili: mmoja anaumua mkate, mwingine anaharibu akili, na lugha haikumkana yeyote. Imewapa kila mmoja jina lake ili tusiwachanganye.

Hapo nikapata njia ya kufanya kazi bila ya kujidanganya. Sikulitafutia pombe jina la kuipendezesha. Kuna watafsiri waitao vileo "vinywaji vya burudani," na mimi naona huko ni kulitia neno maji kama mgema. Nikaandika "kileo" kila penye kileo, hata kwenye vile vya rangi nzuri vyenye vipande vya matunda, ili asiyekunywa asinyweshwe kwa jina. Bia zile nikaziita "bia za fundi," kwa kuwa fundi ndiye azitofautishaye na za kiwanda. Vyakula nikaviweka ukurasa wa kwanza, vileo vyote nikavitenga nyuma ya karatasi. Mwenye mkahawa alikubali, akasema ni rahisi kusomeka.

Niliporudi Pemba nilimpelekea dada yangu nakala. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, taratibu, kama asomaye barua. Alipofika kwenye pweza wa nazi alinyamaza kidogo, akasema, "Huyu kaandikwa sawa." Kisha akaigeuza karatasi. Akasoma na nyuma, yote, bila ya kuruka neno. Nilimtazama uso wake, haukubadilika.

"Ndugu yangu, umeandika ukweli," akaniambia. "Sasa nijibu na la pili. Karatasi ina pande mbili, na mwanangu yuko upande huu. Lakini karatasi si moja?"

Sikumjibu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, si wa fikihi, na kwa kuwa swali lake lilikuwa sahihi. Lugha inaweza kuvitenga vitu kwa majina. Haiwezi kuvitenga ndani ya kasha la fedha. Hilo ni la mpwa wangu na Mola wake, na kijana mwenyewe analijua. Aliniambia anaweka akiba apate kufungua mgahawa wake Chake Chake, wa chakula kitupu.

Dada yangu aliikunja karatasi akaiweka ndani ya mkebe, juu ya fedha. "Choo kimekwisha jengwa," akasema. "Sijui sasa nijenge nini." Wiki ile alifunga kifurushi cha bizari aliyoisaga mwenyewe, akampelekea mwanawe kwa boti. Kwa miaka miwili hakuwa amempelekea kitu cha jikoni.

Wenzangu wa lugha, kama mnalo jina bora kuliko "bia za fundi," lileteni. Nami nawaachia ubeti huu:

Lugha ni bahari pana, mito yote imo ndani,
Ya halali huyanena, na haramu hubaini,
Kukijua kitu jina, si kukitia kinywani,
Na mwana ni wetu mwana, arejeapo nyumbani.