Binti wa Chumba cha Tatu

Vyumba vinne vilivyo nyuma ya nyumba yangu, huku Vunjo kando ya barabara iendayo Marangu, tulivijenga baada ya marehemu baba watoto kung'oa nusu ya kahawa. Bei ilikuwa imeshuka, na kihamba hakikutosha tena kusomesha. Wapangaji wangu wengi ni mabinti wa baa. Kodi yao nimeitolea fungu la kumi miaka yote, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuniuliza imetoka wapi.

Mwezi wa Desemba sikosi mpangaji. Mnaijua Krismasi ya kwetu, wapendwa: watoto wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi na fedha zao, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, baa zinajaa hadi alfajiri. Wenye baa huongeza wasichana kutoka mbali. Januari wateja wakiondoka, nao huteremka: wengine Njia Panda ya Himo penye malori, wengine Mirerani kwenye machimbo ya tanzanite. Huku nyuma tunasema wametuletea ugonjwa. Wateja wao ni wanetu.

Binti wa chumba cha tatu alitoka Singida. Mambo yake alinieleza kidogo kidogo tukichambua maharage. Tajiri wake alikuwa akishikilia mshahara hadi mwisho wa msimu, hivyo alikula kwa kile alichopewa na wanaume. Na mwanaume asiyetaka kondomu huongeza fedha. "Mama, kwenu ukikataa utalala njaa kwa ndugu," aliniambia. "Hapa ukikataa unalala nje." Siku moja akaniletea kopo la dawa na kadi ya kliniki nimtunzie, wenzake wasione. Zahanati ya karibu aliikwepa, maana wanaokaa kwenye benchi pale ndio wanaoketi naye baa.

Nilimkosea siku ya maombi ya akina mama. Nilisimama nikaomba tumkumbuke mpangaji wangu mmoja, mgeni, anayetumia dawa. Jina sikulitaja, nikajiona nina busara. Mgeni alikuwa mmoja tu. Jumapili tulipotoka ibadani hata wauza ndizi barabarani walijua. Usiku ule aliondoka, kopo na kadi vikabaki kabatini kwangu.

Umri wangu mimi nimezika wengi. Mwaka 1990 akina mama wa Moshi walipoanzisha KIWAKKUKI, waliingia nyumba ambazo majirani walizikwepa; mimi niliwasifu kwa mbali. Wakati ule dawa hazikuwapo. Tangu 2004 zinatolewa bure nchini, na anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kopo lile lilikuwa uhai wake na kinga ya wanetu, nami nilimtenga nalo kwa maombi.

Mwenzake wa chumba cha pili alininong'oneza kuwa yuko Himo. Siku ya nne nikapanda daladala. Nilimkuta baa ya tatu niliyoingia, mimi na kitenge changu cha umoja wa wanawake, wanaume wakinishangaa.

"Shikamoo mama," alisema bila kunitazama. Alikuwa hajameza tangu aondoke. Aliogopa kwenda kliniki bila kadi, akidhani atafukuzwa. (Mhudumu wa CTC aliniambia baadaye kwamba aliyeishiwa dawa safarini asikae kimya, aende kituo kilicho karibu, aseme alikuwa anachukulia wapi.)

Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kuomba radhi, na Rahabu nilimtia humo, jinsi Mathayo alivyomweka katika ukoo wa Bwana. Hakuningoja nifike kwa Rahabu.

"Mama, usiniombee tena mbele za watu."

Nikamwambia nimesikia. Akameza kidonge kwa maji ya kaunta, akaniuliza kama sufuria yake bado ipo. Ipo. Alisema ataifuata kabla ya Pasaka, na aliifuata, ila chumba hakukitaka tena.

Msimu huu wapangaji ni wawili. Kwenye choo chao nimeweka boksi la kondomu ninazochukua zahanati. Mzee wa kanisa mmoja amekwisha kuja kuniuliza habari za boksi hilo. Nilimkaribisha chai, nikamweleza yote haya, isipokuwa jina.