Mkoba hauombi kibali

Leo tunawaletea habari ya Jumamosi moja tuliyoipata Nairobi. Mwanzo tulitaka kuandika matembezi tu: miti, mashua, picha. Lakini tulipokaa kuandika tukaona hatuwezi kuwapa matembezi tukaficha aibu tuliyorudi nayo. Kwa hiyo tutasema vyote viwili.

Sisi tuko sita, wakaaji wa Kakuma. Watano tumetoka Kivu ya Kusini, mmoja ni Mrundi. Wote tunajitolea kambini. Wengine tunatafsiri kwenye mikutano, wengine tunafundisha watoto jioni. Shirika moja lilitualika Nairobi kwa mafunzo ya siku tano. Kama mnavyojua, kutoka kambini si kuamka tu na kupanda basi. Lazima uwe na kibali, na kwenye kibali kunaandikwa unaenda wapi, siku ngapi na kwa sababu gani. Chetu kiliandikwa mafunzo. Lodwar, Kitale, Eldoret, Nakuru, kila kizuizi tunatoa karatasi, tunarudisha karatasi.

Kwenye mizigo yetu kulikuwa na mfuko mmoja ambao haukuwa wa mtu yeyote kati yetu. Mama wa kikundi cha ushonaji cha mtaa wetu walitupa mikoba 20 ya kitenge. Mama mkubwa wao alituambia, "Wanangu, muulizie tu kama kule kuko mutu wa kuipenda. Chini ya mia tano musiuze." Tukasema sawa mama, tukaisukuma chini ya kiti.

Mafunzo yaliisha Ijumaa. Jumamosi tulikuwa huru mpaka basi la usiku. Mwenyeji wetu akasema, kama hamna hela nyingi nendeni Uhuru Park asubuhi, halafu mvuke barabara muende soko la Wamasai, Jumamosi liko pale kwenye maegesho ya mahakama, katikati ya mji.

Tulienda. Jamani, mtu aliyezoea vumbi la Turkana akikuta nyasi za kukaliwa anakuwa kama mtoto. Mmoja wetu alivua viatu kabisa. Tulikaa chini ya mti tukaangalia bwawa na familia zilizokuja na watoto wao. Upande wa mji magari yalikuwa yanapita juu kwa juu kwenye ile barabara ya angani, lakini pale chini ya mti palikuwa na utulivu.

Hii bustani ilifunguliwa mwaka 1969, na mambo makubwa ya Kenya yamepita hapo. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ilitangazwa hapo hapo mbele ya watu wengi sana. Lakini habari tuliyoipenda zaidi ni ya mama. Mwaka 1989 serikali na chama tawala walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani. Wangari Maathai akaandika barua, akapinga, akatukanwa hata bungeni. Mwisho wake jengo halikujengwa. Ndiyo maana sisi tulipata nyasi za kukalia. Halafu mwaka 1992, kwenye kona ya bustani wanayoiita Freedom Corner, mama wa wafungwa wa siasa walikaa chini wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. 1992 ni mwaka ambao kambi yetu ya Kakuma ilianza. Mmoja wetu alisema, "Kumbe wakati wazee wanatushushia mahema kule, huku mama wamekaa kwenye nyasi wanadai watoto." Tulinyamaza kidogo, halafu tukabeba mfuko wetu tukavuka barabara.

Soko halina geti kubwa wala vibanda vya kujengwa. Siku za kazi pale ni gari zinaegeshwa. Jumamosi wafanyabiashara wanatandaza vitambaa chini na kupanga vitu juu yake mpaka huoni lami: shanga za Wamasai, vikapu vya katani, vinyago vya mbao kutoka Ukambani, sahani na viboko wadogo wa mawe ya Kisii, shuka, ndala za ngozi, picha za kuchora. Kila hatua unaitwa: "Karibu rafiki, kuangalia ni bure." Kuna vijana mabroka wanaokufuata na karatasi, wanaandika vitu unavyopenda, halafu mnajadili bei yote kwa mara moja. Sisi walituacha haraka. Walituangalia viatu wakajua.

Tulikuwa tunatembea tu, tunashangaa bei, mara dada yetu fundi, anayeshona na wale mama jioni, akasimama ghafla. Mbele yake kulikuwa na mikoba ya kitenge imetundikwa. Akashika mmoja, akaufungua, akaangalia ndani. Akasema kwa sauti ndogo, "Huu ni wa kwetu."

Tukamwambia haiwezekani, kitenge ni kitenge, kila mtu anashona. Akatuonyesha bitana. Mama mmoja wa kikundi chetu ana tabia ya kushona bitana na uzi mwekundu hata kama kitambaa ni cha buluu, kwa sababu anasema macho yake hayaoni uzi mwingine. Uzi ulikuwa mwekundu. Tukafungua mwingine. Mwekundu.

Wakati tumesimama pale, mzungu mmoja na bibi yake walifika wakauliza bei ya mkoba. Mama mwenye biashara akasema elfu moja mia tano. Wakavutana, wakamalizia elfu moja mia mbili. Akaufunga kwenye gazeti, akapokea hela, akawashukuru.

Hapo ndipo aibu yetu ilipoanza, na tunaomba mtusome vizuri.

Kuna mtu alikuja kambini mara tatu akinunua mikoba ya mama zetu. Kila mara alichukua 40. Alilipa shilingi 250 kwa mkoba, pesa mkononi. Hakuwa anajua lugha ya mama, na wale mama Kiswahili chao ni cha Fizi na Uvira, Kiingereza hawana. Nani alitafsiri? Sisi. Wawili kati ya hawa sita walikaa katikati ya mtu yule na mama zetu. Mama walipouliza kama hawezi kuongeza, sisi ndio tuliwaambia, "Mama, chukueni, hela ni hela, asiende mtaa mwingine." Tulifikiri tumesaidia. Alituachia soda.

Tulimsalimia mama wa soko, shikamoo, tukamwambia ukweli: sisi ni wakimbizi wa Kakuma, hii mikoba imeshonwa kwetu, na tuko na mingine 20 hapa. Tuliogopa atatufukuza. Badala yake alitutolea kigoda. Akasema, "Mimi nanunua kwa mtu mmoja, ananiletea kwa mia saba. Sikujua inatoka wapi, hakuniambia na mimi sikuuliza."

Mmoja wetu akakasirika, akataka tutandaze leso pale pale tuuze wenyewe kwa elfu moja. Mwingine akamkumbusha kibali kimeandikwa mafunzo, si biashara, na usiku tunapanda basi. Tukaanza kubishana kwa Kibembe katikati ya watu. Yule mama akatuacha tumalize, halafu akasema, "Wacha niwaambie. Mnaona hiyo elfu moja mia mbili mnadhani ni yangu yote. Nafasi hii nalipia. Gari la kubeba mzigo nalipia. Kuna Jumamosi mvua inanyesha narudi na kila kitu. Na kuna siku nauza mmoja tu." Tukaona ana haki. Hata yule mtu aliyekuja kambini, hatusemi ni mwizi. Alitoa hela yake, akasafirisha mzigo wake. Lakini yeye alijua bei ya pande zote mbili, na mama zetu walijua ya upande mmoja tu.

Tukakaa kwenye lami tukapiga hesabu, kitu ambacho hatukuwahi kufanya na mama wenyewe. Kitenge, bitana, zipu na uzi vinakula kama shilingi 190 kwa mkoba mmoja. Ukiuza 250 unabaki na 60. Mkoba ni kazi ya siku nzima. Yaani mama anainama kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni kwa shilingi 60, na sisi tunamwambia hela ni hela.

Yule mama alianza na mia tano. Sisi tukasema mia saba, kama anavyompa yule mwingine. Akakataa: yule analeta mzigo mwingi, na usiouzika anaubadilisha, "Nyinyi mnaondoka leo, nikikuta zipu mbovu nitamtafuta nani?" Tukafika mia sita. Akahesabu shilingi 12,000 akatupa, na namba yake ya simu. Akatuambia zipu tunazoweka ni dhaifu, na tupunguze rangi ya njano, wateja wake wanapenda buluu na nyekundu.

Kurudi kambini kulikuwa kurefu. Jumapili jioni tuliwakuta mama wamekaa nje. Tuliwapa hela kwanza, wakapiga vigelegele. Halafu tukawaambia mengine yote: mia saba, elfu moja mia mbili, uzi mwekundu. Tukawaambia kwa mia sita, ile mikoba 120 ya kwanza ingeleta shilingi 42,000 zaidi. Ni hela ya cherehani mbili na chenji ikabaki.

Vigelegele viliisha. Mama mkubwa alikaa kimya, halafu akauliza, "Na nyinyi, mulijua?"

Tulimjibu, "Mama, hatukujua. Lakini hatukuuliza."

Hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Alisema tu, "Basi kuanzia sasa, kabla ya kutafsiri, muulize."

Tangu siku hiyo tumetuma mizigo miwili. Sisi kutoka kambini lazima tuombe ruhusa, lakini mkoba hauombi kibali. Unafungwa kwenye gunia, unalipiwa shilingi 500 kwenye basi, unafika Nairobi kabla ya barua yetu ya maombi kusomwa. Mzigo wa kwanza ulikuwa mikoba 15, mama wa soko akatuma 9,000 kwa simu. Wa pili alikata hela ya mikoba mitatu kwa sababu ya zipu. Mama walikasirika, halafu wakabadilisha zipu. Yule mtu wa zamani naye alirudi. Safari hii mama walimtajia mia sita wenyewe, kwa Kiswahili cha kwao, na sisi tulitafsiri walichosema bila kuongeza letu. Alichukua kumi tu, lakini alilipa.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: asanteni kwa cherehani na kwa mafunzo ya kushona, kweli yamesaidia. Tunaomba mkiwafundisha watu kushona muwapeleke pia, au muwaletee habari, mahali kitu kinapouzwa. Mama mmoja akikaa saa mbili kwenye lile soko atajifunza mengi kuliko sisi sita kwenye ukumbi.

Na kwa nyinyi wenzetu mnaotafsiri kambini: mdomo wetu ni daraja la watu wengine. Siku mtu akikuletea bei, uliza kwanza inaenda wapi. Soda tuliyokunywa siku ile, tunaona sasa nani aliilipia.