Gari la safari ndefu: nilivyodanganywa na wastani

Haya basi, nimerudi. Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza ile programu yangu ya kuchagua gari iliishia wapi. Iliishia vibaya. Leo nitawaeleza yote, pamoja na aibu yake, kwa sababu nadhani kosa nililofanya linawahusu hata wasiotaka kununua gari.

Kwa wasiojua, nilitaka gari la kunitoa Nairobi siku ya Ijumaa, linipeleke kaskazini kwa wiki nzima, nipige kambi mbali na hoteli, kisha linirudishe kazini nikiwa mzima. Nilikuwa na shilingi milioni 1.2. Hiyo ni akiba ya miaka mitatu ya kuandika programu mchana kwa mwajiri na usiku kwa wateja wangu binafsi. Nikikosea, hakuna nyingine.

Sasa mimi ni mtu wa kompyuta. Badala ya kuuliza watu, niliandika programu. Magari 11, vigezo 14: bei, ulaji wa mafuta, kimo kutoka chini, nafasi ya kulala, starehe, umri, na kadhalika. Kila gari nikalipa alama moja hadi kumi kwa kila kigezo. Kila kigezo nikakipa namba ya umuhimu wake. Kompyuta inazidisha, inajumlisha, inatoa wastani, na mshindi anakaa juu. Kazi ya jioni moja tu, nikajiona bingwa.

Mshindi alikuwa gari moja la kisasa la familia, la juu kidogo, viti vya ngozi, magurudumu yote manne yanavuta. Jina lake nitalihifadhi, kwa sababu kosa halikuwa la gari. Lilikuwa langu.

Nilifanya jambo moja la busara: kabla ya kununua, nililikodi.

Tulikuwa watatu, mwezi wa Agosti, na safari yetu ilikuwa ya Ziwa Turkana. Lami kutoka Isiolo ni raha tupu. Ukifika Laisamis unakata kushoto na kuingia barabara ya changarawe, ile iliyotengenezwa upya kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo. Ni kilomita 208 hadi kwenye mitambo. Mitambo yenyewe ni 365, yote imesimama kwenye mawe meusi, na ukiiona mara ya kwanza unasahau uchovu wote. Mbele ya hapo barabara inateremka kuelekea Loiyangalani, na hapo mawe ya volkano ndiyo yanayotawala.

Tairi la kwanza lilipasuka ubavuni. Lilikuwa la inchi 18, ubavu mwembamba, zuri kwa Thika Road. Tukafungua buti na kutoa spea. Ilikuwa lile gurudumu dogo la muda, ambalo kitabu cha gari kinakuambia usizidi kilomita 80 kwa saa. Tukalifunga. Hatukumaliza kilomita 12 kabla ya tairi la pili kupasuka.

Jua lilikuwa linakuchwa. Mtandao wa simu hakuna. Upepo wa pale si wa mchezo, maana mitambo 365 haikuwekwa pale kwa bahati, na hema letu lilikataa kabisa kusimama. Tulilala vitini. Maji yaliyobaki yalikuwa lita nne kwa watu watatu. Nakumbuka nikiipima chupa kwa tochi ya simu saa nane za usiku na kugawa kwa tatu kichwani, tena na tena, kana kwamba jibu lingebadilika.

Lori lililokuja kubeba samaki wakavu ndilo lililotuokoa, kesho yake karibu na saa sita mchana. Fundi wa pancha wa Loiyangalani alilitazama tairi letu kwa huruma. Alikuwa na matairi, tena mengi, ya pikapu na ya malori. La inchi 18 hakuwa nalo, na hakumjua mtu aliyekuwa nalo. Matairi mawili yaliagizwa kutoka mbali na yakafika siku ya nne. Siku ya pili kati ya hizo nne ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu hiyo nilikuwa nimeahidi kuhamisha mfumo wa mteja wangu mkubwa kwenda seva mpya. Sina mteja huyo tena.

Niliporudi nilienda kwa Mzee, babangu, kumweleza. Mzee aliendesha lori kati ya Isiolo na Moyale kwa miaka mingi, wakati barabara ile ilikuwa vumbi, mawe na misafara ya kusindikizwa na polisi. Nilifungua kompyuta na kumwonyesha jedwali langu. Alilitazama kwa heshima, kama anavyotazama vitu vyangu vyote vya kompyuta.

"Tairi lilikuwa namba ngapi?"

"235/50, inchi 18."

"Hiyo Laisamis umeiona duka gani?"

Nikanyamaza.

"Hapa tairi umelipa alama ngapi?"

Nikamwonyesha. Matairi yalikuwa kigezo cha 12, umuhimu mbili, na gari lile lilikuwa limepata alama moja. Lakini lilipata tisa kwenye starehe, tisa kwenye ulaji wa mafuta na nane kwenye usalama, kwa hiyo ile moja ilimezwa.

Mzee akasema, "Ukikuta mlango umefungwa, huulizi rangi ya viti vya ndani."

Wasomaji wangu mnaoandika programu, hapo ndipo niliposhika kichwa. Wastani huficha sifuri. Tisa ya viti vya ngozi haiwezi kulipia moja ya tairi, kwa sababu ukiwa umekwama jangwani vile viti ni mahali pa kulala na kiu yako. Kuna vigezo vya kupimwa kwa alama, na kuna vigezo ambavyo ni milango: unapita au hupiti. Mimi nilikuwa nimeichukua milango na kuigeuza kuwa alama. Jambo hili tunalijua vizuri kazini. Mfumo wa benki wenye sura nzuri na kasi ya ajabu, lakini unaopoteza pesa za wateja, hatuupi alama saba kwa kumi. Tunaufunga.

Kwa hiyo tulikaa, Mzee na mimi, tukaandika milango minne. Alama zisubiri.

Mlango wa kwanza, tairi. Saizi yake ipatikane kwenye mji wa mwisho wa safari, na spea iwe tairi kamili.

Mlango wa pili, fundi. Niliwapigia simu mafundi watano: Isiolo, Laisamis, Marsabit, Maralal na yule wa Loiyangalani. Sikuwauliza gari gani ni zuri. Niliwauliza, "Mwezi huu umefungua magari gani?" Majibu yalifanana kama ndugu: Land Cruiser, Hilux, Prado za zamani, Probox, malori. Probox, naam. Msicheke.

Mlango wa tatu, mafuta. Kutoka Laisamis hadi Loiyangalani na kurudi ni zaidi ya kilomita 450. Ongeza robo kwa ajili ya kupotea njia na mchanga, unapata kama 560. Gari likitembea kilomita saba kwa lita kwenye barabara mbovu, unahitaji lita 80, tangini au kwenye jerikeni. Mafuta unaweza kuyapata njiani, ndiyo, lakini maisha yako usiyaweke kwenye "unaweza".

Mlango wa nne, mzigo, na huu ndio watu wengi hawaufungui kabisa. Kila gari lina kikomo cha kilo. Chukua Suzuki Jimny, ile iliyotoka mwaka 2018, gari ambalo nilikuwa nalipenda na bado nalipenda. Ni jepesi, lina gia za chini za kupandia mawe, na mahali pengi hupita ambapo makubwa hukwama. Lakini uwezo wake wa kubeba ni takriban kilo 300. Mimi na Mzee ni kilo 162. Maji lita 40 ni kilo 40. Jerikeni ya petroli lita 20 ni kilo 15. Hema la kukaa juu ya gari, 55. Spea ya pili, 22. Vyombo, chakula na jiko, 30. Jumla 324, na bado hatujabeba nguo. Ukiacha lile hema la juu na kuchukua la chini la kilo sita, unapita kwa shida. Kwa mtu mmoja lingekuwa jibu. Kwa wawili, na kwa mfuko wangu, lilikuwa ndoto.

Kati ya magari 11, manne tu yalipita milango yote. Ndipo nikaiwasha ile programu na kuyapa alama hayo manne. Mshindi wa zamani hakuwepo hata kwenye orodha.

Nilinunua Toyota Prado ya mwaka 1999, namba KAY, injini ya petroli lita 2.7, tangi la lita 90, matairi ya inchi 16. Kwenye jedwali la kwanza ilikuwa ya nane. Gari la umri huo huwezi kuliagiza kutoka nje leo, maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Unalitafuta hapa hapa, na unamwomba Mungu mwenye nalo awe alikuwa akibadilisha oili. Bei ilikuwa 870,000. Iliyobaki imeenda kwenye matairi sita mapya (mawili ni spea), shokomzoba, mikanda, mipira ya rejeta, na fundi wa kuyatazama yote mara mbili.

Nisiwadanganye. Mjini gari hili ni adhabu. Linakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda, na kazini bado naenda kwa matatu. Mlango mmoja wa nyuma unafunguka kwa ndani tu. Kama safari zako ni Naivasha na Nanyuki, usinifuate. Probox na hema zuri vitakutosha, na pesa itabaki. Milango yako si yangu. Kwanza andika unaenda wapi, halafu uulize ni kitu gani kikikosekana huko hurudi. Hicho usikipe alama.

Jumamosi Mzee alikuja kulikagua. Ana miaka 67, lakini alitandika gunia, akalala chini ya gari na kugonga hapa na pale kwa spana. Alipotoka nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Miaka yote ile akipita Laisamis, mbona hakuwahi kwenda kuliona ziwa?

"Lori halikuwa langu," akasema, akipangusa mikono.

Tunaondoka wiki ya kwanza ya mwezi ujao, sisi wawili. Nimemwonyesha orodha ya vitu vyote, nimeipanga vizuri kwa kilo na kwa lita. Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu, akaweka kidole kwenye mstari wa maji.

"Arobaini? Weka sitini."

Nimeweka sitini.