Alama ya Njano

Nianze na kosa, maana nikianza na gari nitanogewa nisahau. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, theluji nje ikiwa imefika magotini, nilichovya kitambaa kwenye thina nikafuta alama ya krayoni ya njano kwenye bati la gari lililotengenezwa Desemba 1966. Kazi ya sekunde nne. Picha sikupiga.

Gari lilikuwa Pontiac GTO ya 1967, milango miwili, rangi ya kijani ambayo kiwanda kiliita Linden Green. Mimi nilikuwa na miezi minane tu kwenye gereji ile, gereji ndogo ya watu watano hapa Michigan, mwendo wa nusu saa kutoka mji wa Pontiac wenyewe. Kazi yetu ni kuchukua magari ya zamani ya Kimarekani na kuyarudisha yalivyokuwa. Si kuyatengeneza, kuyarudisha. Tofauti hiyo ilinichukua muda kuielewa, na asubuhi ile nilikuwa bado.

Ufundi niliusomea Gerezani, Dar es Salaam, chini ya fundi mmoja ambaye mpaka leo nikimpigia simu nasimama. Pale swali ni moja: linatembea? Kama pampu ya maji ya Corolla haipatikani, inatafutwa ya gari lingine, inachongwa, inaongezewa washa, gasketi inakatwa kwa mkasi kwenye karatasi ngumu, na jioni gari limerudi barabarani linabeba watu. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliona fahari kujua kifaa cha gari lipi kinaingia kwenye gari lipi. Huku nilikofika, ujuzi huo ni kama dhambi. Kwa hawa ndugu zangu, bolti isiyo ya mwaka wake ni uongo, hata kama imekaza vizuri kuliko ile ya mwanzo.

Magari ya jamii hii Wamarekani huyaita muscle car, magari ya misuli: bodi ya wastani, ya kwenda nayo dukani na kanisani, halafu inapachikwa injini kubwa kupita kiasi. Wengi huhesabu kwamba mtindo ulishika kasi na hiyohiyo GTO. General Motors ilikuwa na kanuni kwamba magari yake ya saizi ya kati yasipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean na wahandisi wenzake wa Pontiac wakaizunguka: kwa mwaka wa 1964 wakaitoa injini ya inchi 389, karibu lita 6.4, kama nyongeza ya hiari kwenye gari la Tempest LeMans. Kwenye karatasi halikuwa gari jipya, lilikuwa gari la kawaida lenye nyongeza. Jina wakaliazima kwa Ferrari bila kupiga hodi. Walitarajia kuuza kama 5,000, yakatoka 32,450. Kufikia 1967 injini ilikuwa ya inchi 400, nguvu za farasi 335 kwa ile ya kawaida, na bei ya msingi ya gari kama letu dola 2,935. Mfanyakazi wa kiwandani aliyejibana aliweza kulinunua.

Kurudisha gari kunaanza kwa kulisoma. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibati cha namba: letu lilianza na 24217, yaani GTO ya milango miwili yenye paa la bati, kisha 7 ya mwaka, kisha P, maana yake liliunganishwa Pontiac kwenyewe, si Baltimore wala Fremont. Kibati kingine, chini ya boneti, kilisema 12B: mwezi wa kumi na mbili, wiki ya pili. Herufi H ilikuwa rangi. Na bloku la injini lilikuwa na K156 kwenye chuma chake: K ni Novemba, tarehe 15, mwaka 66. Ukiviweka pamoja vinakubaliana. Chuma kilimiminwa katikati ya Novemba, na bodi ikafuata baada ya majuma matatu hivi. Bloku lingesema A237, tungejua kuna mtu aliwahi kubadilisha injini, maana isingeweza kuzaliwa Januari halafu ikaingia kwenye gari la Desemba iliyotangulia. Nilipenda sana sehemu hii. Ilinikumbusha wazee wa kwetu wakibishana nani alizaliwa lini, kwa kuhesabu mvua na misiba.

Kilichonishangaza zaidi ni uvivu. Yaani uvivu wa kiwandani, ambao nao unarudishwa. Chasi ilipigwa rangi nyeusi kwa haraka ikachuruzika. Basi na sisi tunachuruzisha. Sehemu ambazo mnunuzi hazioni rangi ilipita nyembamba. Basi na sisi tunapitisha nyembamba. Mwenzangu mmoja alitumia mchana mzima kurushia ukungu wa rangi pembeni mwa boneti, upande wa ndani, akifuata picha za zamani, kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Mchana mzima kuiga sekunde kumi na tano za mtu ambaye pengine alikuwa anawaza chakula! Na ukifanya vizuri kuliko yeye, majaji wa maonyesho wanakukata pointi. Nilimtumia fundi wangu picha. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Mwanangu, na kutu mnairudisha?"

Halafu kuna alama. Wakaguzi wa kiwandani waliandika kwa krayoni, kwa chaki, kwa matone ya rangi: bolti hii imekazwa, kifaa hiki kimepita. Zilikuwa alama za siku moja, hakuna aliyedhani zitatazamwa tena. Ndiyo maana kanuni ya gereji yetu imeandikwa ukutani: picha, plastiki, ndipo kitambaa. Unapiga picha, unalaza plastiki nyembamba juu ya alama na kuinakili kwa kalamu, na hapo ndipo unaruhusiwa kusafisha. Mwishoni, rangi mpya ikishakauka, alama inarudishwa palepale.

Siku ile nilikuwa nimefungua boksi la hita. Nyuma yake, kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, kulikuwa na vumbi lililoshikana na mafuta, majani makavu, kiota cha panya, na katikati ya uchafu huo kitu cha njano, urefu wa kidole. Mkono wangu ulishazoea kusugua. Nilipotambua nilichokiona, njano ilikuwa kwenye kitambaa na bati lilikuwa tupu. Nikatupa kitambaa kwenye pipa la vitambaa vichafu, nikajiambia ni alama moja tu kati ya ishirini.

Kosa la pili lilikuwa kutosoma faili. Siku gari lilipoletwa, mwenye gari, mzee wa miaka sabini na kitu, alimweleza bosi, na bosi akaandika: baba yake alifanya kazi kiwandani Pontiac, kwenye mstari wa kuunganisha magari. Hili aliliagiza mwenyewe, akalitambua lilipopita mbele yake, akaliandika herufi yake nyuma ya hita, mahali ambapo hapataonwa na mtu ila fundi. Hadithi hiyo aliwasimulia watoto kila Krismasi. Hakuna mtoto aliyewahi kufungua hita kuangalia. Baba akafariki, gari likakaa bandani miaka thelathini.

Sikulisoma kwa sababu lilikuwa na kurasa nne na mimi nilikuwa na spana mkononi.

Mzee alikuja baada ya siku tisa, kofia ya sufu kichwani, akainama kwa shida mbele ya ule ukuta wa bati. Hakumuuliza bosi, aliniuliza mimi: "Nyuma ya hita mmekuta chochote?"

Nikasema hapana. Kiota cha panya tu.

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Akasema baba yake alikuwa mtu wa kutunga hadithi. Kisha akaondoka taratibu, akishikashika meza za kazi njiani.

Kufuta krayoni ulikuwa uzembe. Lakini sasa nilikuwa nimemfanya marehemu muongo mbele ya mwanawe, na mwanawe amecheka ili mimi nisione aibu ya kumjibu.

Usiku, saa nne, nikampigia fundi wangu. Kwao kunaanza kupambazuka. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za baridi, nikazunguka weee, mwisho nikamwambia. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Unaikumbuka Peugeot 504 ya yule mwalimu?"

Naikumbuka. Nilikata waya nisiopaswa kuukata, nikaufunga kwa utepe, nikaufukia chini ya zulia, nikakaa kimya siku tatu.

"Nilikuona siku ileile. Nikawa nakungoja."

"Si nilikuja nikakwambia, fundi?"

"We hukuja. Mwalimu ndo alikuja, gari linavutwa kwa kamba." Akaniuliza huko ni saa ngapi. Nilipomwambia akasema basi lala, kesho kazini.

Kesho yake nilimwambia bosi. Hakupaza sauti. Akanipa namba ya mzee, akasema piga wewe. Mzee akaja mchana huohuo, na mimi nikamweleza tukiwa tumesimama mbele ya bati lenyewe. Nilijiandaa kuulizwa kwa nini nilidanganya. Majibu nilikuwa nayo matatu, yote mabaya. Hakuniuliza hilo. Aliniuliza, "Kitambaa kiko wapi?"

Pipa letu huchukuliwa kila Alhamisi, vitambaa vikafuliwe. Alhamisi ilishapita. Nikamwambia, na bado akaenda kwenye pipa. Tukainama wote watatu, mzee, bosi na mimi, tukapindua vitambaa kimoja kimoja. Kulikuwa na chenye grisi, chenye nyekundu ya rangi ya chini, chenye samawati ya injini. Chenye njano hakikuwepo. Mzee alikuwa wa mwisho kuinuka.

"Basi nichoree ulichokiona."

Nikachana kipande cha boksi la plagi, nikachora: mstari umelala kidogo, juu una kitanzi, chini mkia unakwenda kulia. Sikuridhika, nikachora tena pembeni, kitanzi kikubwa zaidi. Nikamwambia sina uhakika ni kipi kati ya hivyo viwili. Jina la baba yake lilianza na R. Ukitaka, ile ilikuwa R ya mtu mwenye haraka, gari likiwa linasogea mbele yake. Ukitaka, ilikuwa alama ya mkaguzi yeyote, ya kusema tayari, na ndugu zake wako kwenye magari mengine mengi. Akaniuliza ni R? Mungu anajua nilivyotamani kusema ndiyo. Ingenigharimu neno moja, na angelala vizuri. Nikamwambia sijui.

Bosi akauliza kama airudishe. Krayoni ya njano ipo, mahali panajulikana. Mzee akakataa. Akasema fundi huyu ana mwandiko mzuri kuliko wa baba. Sikujua kama ni utani. Akachukua kile kipande cha boksi akakitia mfuko wa koti.

Tulimaliza gari mwezi wa nane. Kabureta, ile Rochester yenye midomo minne, iliwasumbua wenzangu wiki mbili, na mipira ya milango ilikuja ya mwaka mwingine ikarudishwa. Michirizi ya chasi niliifanya mimi, na nadhani ni mibaya vya kutosha. Nyuma ya hita pana rangi nyeusi nyembamba, basi. Mimi ndiye niliyelifunga lile boksi.

Mwezi wa tisa tukalipeleka kwenye maonyesho. Jaji alikuwa mtu mpole, ana tochi na kijikeka chake cha kulalia; alikaa chini ya gari dakika ishirini nzima. Kisha akaomba kuona karatasi. Mzee akafungua kidroo cha dashibodi: kitabu cha mwongozo, nakala ya ankara ya kiwanda, na kile kipande cha boksi. Jaji akakishika, akatazama vile viji-mstari viwili, akakigeuza upande wa maandishi, akauliza kama plagi zilizomo kwenye injini ndizo hizo. Mzee akasema ndizo. Jaji akakirudisha kidrooni, kwa uangalifu uleule aliorudishia ankara.

Alitukata pointi moja upande wa injini: kibanio cha mpira wa juu wa rejeta, kile chenye kimnara cha skrubu, kilikuwa kimeelekezwa upande usio wake. Alikuwa sahihi. Alipohamia gari la pili nikachukua bisibisi nikakigeuza, mzee akinishikia tochi.