Bustani ya Gunia

Nyumba yetu hapa Goma yakaa juu ya jiwe lililomwagwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Jembe lagonga tu. Na vita vikifunga barabara, mboga za Masisi hazifiki sokoni.

Basi twalima katika gunia. Jaza udongo uliochanganywa na samadi, simamisha mawe madogo katikati ili maji yashuke, toboa pembeni, panda lengalenga. Mama watoto huanza kukata baada ya majuma manne hivi.

Maji twakinga chini ya mabati, ya kwanza twamwaga: yana majivu. Kuyanywa hatuyanywi, maana moshi wa mlima huyatia floridi iharibuyo meno ya watoto.

Kazi ngumu ni udongo. Jirani yetu aliubeba kichwani, karai kwa karai.