Mkoba wa Amana Ndani ya Gari la Kukodi



Jamaa nyingi za pwani siku hizi husafiri kwa gari la kukodi. Familia ikitoka Mombasa kwenda arusini Lamu, huona bora ichange fedha, ikodi gari moja, ipumzike inapotaka na iswali kwa wakati. Hilo ni jambo la kheri. Lakini gari la kukodi mtu halijui tabia zake, na mizigo iliyomo mara nyingi si yake peke yake. Haya tumeyajua kwa gharama, nasi tumeona ni haki kuyasimulia.

Safari yetu ilikuwa katika likizo ya Agosti. Siku mbili kabla yake, mama mmoja mjane wa mtaani kwetu alitujia na mkoba. Binti yake alikuwa akiolewa Lamu, naye kwa maradhi ya miguu hakuweza kwenda. Ndani mlikuwa na leso za arusi, shilingi 18,000, na bangili mbili za fedha alizorithi kwa mama yake. "Shekhe," alituambia, "hii ni amana. Mkabidhi mwanangu mkononi." Tukaupokea mbele ya watu wa nyumba yetu.

Gari lilikuwa la viti saba. Magari ya namna hii, viti vyote vikikaliwa, hubakisha nafasi ndogo nyuma, na mizigo yote huonekana kupitia kioo. Masanduku yetu wenyewe tukayapanga chini kabisa. Mkoba wa amana tukauweka juu ya kiti, kando ya watoto, kwa hoja kwamba hapo utakuwa mbele ya macho yetu. Hoja hiyo ni sahihi maadamu macho yenyewe yamo garini.

Tulivuka Mtwapa na Kilifi, na kabla ya kufika Malindi tukaingia Gede, ili watoto waone mji wa wazee wetu uliomezwa na msitu. Yapo magofu ya msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na kuta zilizouzunguka mji. James Kirkman alianza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, na mwaka 2024 yakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kilichotushika zaidi ni chumba cha hazina katika jumba lile, kilichojengwa bila mlango. Aliyetaka kuingia alipanda ngazi, akapita katika tundu lililo juu ukutani. Tukawaeleza watoto kwamba mafakihi huita mahali kama hapo hirzi, yaani hifadhi inayostahiki mali ya thamani. Tulieleza vizuri, kisha tukarudi garini, na mkoba ukiwa pale pale juu ya kiti.

Tulifika Malindi adhana ya Adhuhuri imekwisha. Tukaegesha karibu na msikiti, tukasikia inakimiwa, tukashuka sote kwa haraka, wanawake upande wao nasi upande wetu. Kitufe cha ufunguo tulikibonyeza tukiwa tumekwisha kulipa gari kisogo. Hatukugeuka, wala hatukuvuta mlango. Tulipotoka, mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, kioo kizima, na mkoba haupo. Huenda kitufe hakikushika, au kulikuwa na mtu mwenye kile chombo cha kuzuia mawimbi ya ufunguo. Hatujui mpaka leo. Kijana aliyekuwa akiuza maji ng'ambo ya barabara, baadhi yetu walianza kumtazama kwa jicho baya. Tukawazuia, kwani hatukuwa na ushahidi, na dhana mbaya ni dhambi. Kijana huyo huyo ndiye aliyetuongoza hadi kituo cha polisi, tukaandikisha tukio katika kitabu cha OB na kupewa nambari yake.

Kisha tukampigia simu yule mama. Hatujawahi kupiga simu nzito kama ile. Alinyamaza, halafu akauliza, "Watoto nyote mu wazima?" Tukamwambia wazima. Akasema, "Basi Shekhe, ni kadari ya Mungu."

Usiku ule tulilala Malindi kwa jamaa, lakini usingizi haukuja. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyewekewa amana halipi ikipotea bila ya uzembe wake, bali akiiacha mahali pasipostahiki kitu cha mfano wake, analipa. Bangili juu ya kiti, nyuma ya kioo, katika gari ambalo mlango wake haukuvutwa, haziko katika hirzi. Kadari alikuwa na haki ya kuitaja yeye aliyepotelewa. Sisi tuliozembea hatukuwa na haki ya kujificha nyuma yake.

Tulijilaumu zaidi kwa kuwa dini ilikuwa imetufunza. Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha tuiendee swala kwa utulivu, bila kukimbia. Sisi tulikuwa wasafiri, tena wenye ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 102, Mwenyezi Mungu anaeleza swala ya hofu: kundi moja liswali na jingine lilinde, kisha wapokezane, kwa kuwa maadui wanatamani Waislamu waghafilike na silaha zao na mizigo yao. Aya hiyo tumeisomesha miaka mingi. Mizigo imetajwa humo, nasi hatukumwacha hata mtu mmoja garini.

Asubuhi tuliendelea kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako gari huachwa na abiria huvuka kwa boti. Hapo kila mtoto alipewa mzigo wake aushike, tukahesabu kabla ya kupanda boti na baada ya kushuka. Bibi arusi alivaa bangili za kuazima kwa shangazi yake. Shilingi 18,000 tulimpa siku ile ile. Tuliporudi Mombasa tulimwendea mama yake, tukakiri uzembe wetu, tukamwomba akubali thamani ya bangili. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea. Lakini mkono wa mama yake uliozivaa bangili zile hatuwezi kuulipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikodi gari, likague kabla ya kutia saini: jaribu kila mlango, na uulize kama lina pazia la kufunika mizigo. Soma mkataba, kwani bima ya gari kwa kawaida haiwi bima ya mizigo yako. Panga mizigo nyumbani, usifungue buti na kuficha kitu pale pale unapoegesha, maana anayetazama ameshaona. Fedha taslimu zitume kwa M-Pesa, na kitu chembamba cha thamani kikae mwilini. Funga, kisha vuta mlango kwa mkono wako. Na wakati wa swala ukifika, mmoja wenu abaki na gari, akaswali wenzake wanaporudi.

Mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi tulitegemea tu. Mwenyezi Mungu atusamehe, ambadilishie mama yule kilicho bora zaidi, na awafikishe wasafiri wetu salama pamoja na amana walizobeba. Amin.

Wabillahi tawfiq.